Bei ya Kunawa Mikono

Wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba, na hapana mtu katika Afrika ya Mashariki aliyepata kuwapinga. Walichoacha kusema ni kwamba kinga nayo ina bei yake, na kwamba bei hiyo haiwi sawa kwa kila nyumba.

Mnamo tarehe 31 Machi 2020, Waziri wa Afya wa Burundi alitangaza kuwa maradhi ya korona yamethibitishwa nchini. Walioonekana kuwa nayo walikuwa Warundi wawili waliorejea kutoka safari, mmoja Rwanda na mwingine Dubai. Safari za ndege za abiria zilikuwa zimekwisha simamishwa siku chache kabla yake, na wageni waliokuwa wamewasili walikuwa wametengwa kwa muda wa siku 14. Mashauri yaliyotolewa mjini Bujumbura yalikuwa ni yale yale yaliyotolewa Paris, Nairobi na Dar es Salaam: nawa mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni, kaa mbali na mwenzako, usikumbatiane, na ukijisikia vibaya ubaki nyumbani. Maneno yalikuwa mamoja. Nyumba yalimoingia ndizo hazikuwa moja.

Ndugu msomaji, yafaa kuanza na jambo dogo kabisa, nalo ni maji. Familia ya watu wanane, kila mmoja akinawa mara tano tu kwa siku, na kila mara akitumia nusu lita, itamaliza lita 20 kabla ya usiku kuingia. Hilo ni dumu zima, au bido kama wanavyoliita wenyeji wa Bujumbura. Katika nyumba yenye bomba la Regideso ndani ya ua, lita 20 si kitu cha kujadiliwa. Mtu hufungua, hunawa, hufunga, akaenda zake. Lakini katika mitaa ambako maji huchotwa kwenye bomba la umma, au hununuliwa kwa vijana wanaoyasukuma juu ya baiskeli, dumu moja ni fedha iliyotolewa mfukoni, ni foleni, tena aghalabu ni saa nzima ya binti aliyepaswa kuwa anafanya kazi yake ya shule. Na dumu hilo halikuja kwa ajili ya mikono peke yake. Maharagwe yanalingoja, nguo za mtoto zinalingoja, na mgonjwa, ikiwa yupo, analingoja zaidi ya wote.

Hapo ndipo mama wa nyumba hufanya hesabu ambayo hakufundishwa darasani. Hajawahi kukana kuwa mikono michafu huleta maradhi. Watu wa ukingo wa Ziwa Tanganyika hawakungoja korona iwafundishe jambo hilo, kwani kipindupindu kiliingia Burundi tangu mwaka 1978, na tangu hapo kimekuwa kikirudi mara kwa mara katika uwanda wa Imbo, katika Rumonge na katika mitaa ya Bujumbura yenyewe. Bibi aliyezika jirani yake kwa ugonjwa huo hana haja ya bango la kumwonya. Mama huyo anajua vyema; analopima ni kama dumu la leo litatosha, na endapo halitatosha, ni nani atakayenyimwa. Mara nyingi anayenyimwa ni yeye mwenyewe. Huwanawisha watoto kwanza, kisha baba akirudi, naye hujifuta kwa ncha ya kitenge.

Si haki, basi, kusikia mtu aliyeketi chini ya feni akisema kuwa wananchi wa Buyenzi, Kamenge au Kinama ni wakaidi. Ukaidi upo kila mahali, hata Rohero. Lakini kabla ya kumwita mtu mkaidi yafaa kwanza kuuliza ana madumu mangapi.

Baada ya maji huja swali la kutwa. Mtumishi wa Serikali, mwalimu, askari au karani, hupata mshahara wake mwisho wa mwezi, awe alikaa ofisini au alilala na homa kitandani. Akiambiwa abaki nyumbani siku tatu, anachopoteza ni hamu ya kutoka. Mwenye kuendesha baiskeli ya abiria, fundi wa magari wa Buyenzi, mchukuzi wa mizigo na mama muuza ndagala hali yao si hiyo. Chakula cha jioni hununuliwa kwa fedha ya asubuhi. Mtu wa namna hiyo akiamka na kikohozi, hana njia ya tatu: ama aende sokoni na kikohozi chake, ama watoto walale bila kula. Wengi walikwenda sokoni. Nani katika wasomaji wa ukurasa huu angefanya vingine, akiyatazama macho ya mtoto wa miaka minne?

Na soko lenyewe? Wakazi wa Bujumbura hawajasahau asubuhi ya tarehe 27 Januari 2013, Soko Kuu lilipoteketea kwa moto. Tangu siku ile wafanyabiashara walitawanyika katika masoko mengine ya mji, nayo yakajaa kupita kiasi. Yule aliyeambiwa mwaka 2020 akae mita moja mbali na mwenziwe alikuwa na meza isiyofika mita moja, kulia kwake muuza nyanya na kushoto kwake muuza mihogo. Kama angesogea, angesogea wapi? Msongamano wa masoko ulianza na moto ule, na maradhi yalipofika yaliukuta umekwisha kuzoeleka.

Katika kambi za jeshi na polisi mambo yana sura yake ya pekee, nayo inafundisha. Amri inapotolewa kwamba kila aingiaye langoni anawe, basi ananawa, koplo sawasawa na kamanda, kwa kuwa mtu amesimamishwa hapo kuangalia na kuhakikisha kuwa pipa halikauki. Hakuna askari anayeombwa achague kati ya utii na chakula cha wanawe. Wali na maharagwe ya bwalo yapo, na mshahara upo. Ndiyo sababu watu husema askari wana nidhamu. Hapana shaka wanayo. Lakini nidhamu hiyo imejengewa msingi wa maji yaliyopo na chakula kilichopo, na askari yule yule, akipewa ruhusa ya siku mbili kwenda kwa mkewe katika chumba cha kupanga huko Musaga au Kanyosha, huikuta hesabu ile ile ya dumu. Huko hakuna mlinzi wa pipa. Yuko mama mkwe aliyekuja kutoka mlimani, wako watoto watano, na yuko shemeji asiye na kazi anayelala barazani. Mke wa polisi anayeuza ndagala ili kuongeza kipato hana amri ya kumlinda. Sokoni yeye ni muuzaji kama wengine.

Hadi hapa habari ni ya fedha. Lakini kuna jambo lililo zito kuliko fedha, nalo ni desturi, au kwa usahihi zaidi, ni kile ambacho desturi humfanyia maskini.

Mrundi hasalimu kwa mbali. Humshika mwenziwe mikono, humkumbatia, humuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za watoto, na katika muda wote huo mikono haijaachana. Kwenye sherehe, chungu cha impeke, pombe ya mtama, huwekwa katikati na watu huinywa kwa mirija, wakipokezana na kuketi bega kwa bega. Wakati wa msiba majirani hukesha pamoja na wafiwa, na siku ya kuondoa matanga watu hutoka mbali kuja kushuhudia. Wataalamu wa afya waliyataja mambo hayo kama njia za maambukizo, na kwa upande wa maradhi walisema kweli. Hawakuuliza ni kwa nini watu wanayashikilia.

Jibu liko wazi kwa kila aliyekulia katika mtaa wa watu wa kipato kidogo. Asiye na akiba benki huweka akiba yake kwa majirani. Akienda kwenye msiba wa watu na kutoa mchango wake, anaandikwa katika mioyo ya watu, na siku yake ikifika watakuja. Akiugua watamchotea maji. Nyumba yake ikichukuliwa na mafuriko watampokea. Na mafuriko hayo hayakuwa ya kufikirika: mnamo Aprili 2020, wiki chache tu baada ya tangazo la korona, mto Rusizi ulifurika na kuifunika Gatumba, na maelfu ya watu wakakimbia makazi yao. Walikimbilia wapi? Wengine kambini, katika mahema yaliyobanana, na wengine kwa ndugu na marafiki, wakalala kumi katika chumba cha watu wanne. Kwa mujibu wa mashauri ya afya, kuwapokea ilikuwa ni hatari. Kwa mujibu wa utu, kuwafukuza ilikuwa haiwezekani, na aliyewapokea alijua kwamba mwaka mwingine huenda ziwa likapanda hadi kwake. Mkumbatio, mrija wa impeke na mkesha wa matanga ndiyo bima ya mtu asiye na bima. Kumwambia auache mkumbatio bila ya kumwonyesha atakachoshika badala yake ni kumtaka achome kitabu chake cha akiba.

Haifai pia kusahau kuwa watu hutazama wakubwa wao kabla ya kusoma mabango. Katika miezi ya Aprili na Mei 2020 Burundi ilikuwa katika kampeni za uchaguzi. Mikutano ilijaa, watu waliimba na kucheza, na tarehe 20 Mei walipiga kura. Ilisemwa hadharani kuwa Mungu anailinda Burundi. Mwezi huo huo mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani na wataalamu wenzake watatu walitakiwa kuondoka nchini. Mwananchi wa kawaida aliyeyaona hayo yote hakuhitaji kuwa mwanasiasa ili apate maana yake: ikiwa jambo hili lingekuwa la kutisha, wakubwa wasingekuwa wamebanana jukwaani. Akarudi sokoni. Ni vigumu kumlaumu.

Kisha mambo yakabadilika, tena kwa ghafla. Rais Pierre Nkurunziza alifariki tarehe 8 Juni, na Rais Evariste Ndayishimiye akaapishwa tarehe 18 Juni. Tarehe 30 Juni 2020 Rais mpya alitamka kuwa korona ndiyo adui mkubwa wa Warundi. Maneno makali kama hayo yamepata kutolewa na viongozi wengi duniani. Lililokuwa geni ni lile lililofuatana nayo. Sabuni ya buluu, ile ya mche inayotengenezwa na kiwanda cha Savonor na inayojulikana katika kila nyumba, ilipunguzwa bei kwa nusu. Bei ya maji nayo ikatakiwa ishuke. Na kuanzia tarehe 6 Julai vituo vitatu vya kupima watu bila malipo vilifunguliwa mjini Bujumbura, katika kampeni iliyoitwa kwa Kirundi "Ndakira, sinandura kandi sinanduza", yaani ninapona, siambukizwi wala siambukizi.

Watu walikwenda. Walipanga foleni tangu alfajiri, wale wale waliokuwa wameitwa wakaidi mwezi mmoja kabla. Je, kati ya Mei na Julai walikuwa wamepata elimu mpya? Hapana. Waliyoyajua Julai waliyajua Mei. Kilichobadilika ni mambo mawili: aliye juu alisema waziwazi kuwa maradhi yapo, na gharama ya kumtii ikashuka. Laiti sabuni ingeshushwa bei mnamo Aprili! Lakini si kazi ya ukurasa huu kugombana na kalenda.

Nchi jirani zilijifunza somo hili kwa njia zao. Kigali ilifungwa kuanzia tarehe 22 Machi hadi tarehe 4 Mei 2020, na Serikali ya Rwanda ikalazimika kuwapelekea chakula nyumbani wale wasio na akiba, maana ilitambua kuwa mlango hauwezi kufungwa kwa mwenye njaa. Nchini Kenya matatu ya abiria 14 iliamriwa ichukue abiria wanane. Amri ilikuwa nzuri kwa afya, lakini viti sita vilivyobaki vitupu vilitaka kulipwa na mtu, na aliyelipa ni abiria, kwa nauli iliyopanda. Wengine waliamua kutembea kwa miguu. Kila kinga ina mlipaji wake, na mara nyingi jina lake haliandikwi katika tangazo.

Chanjo ilipofika Burundi, dozi 500,000 za Sinopharm mnamo Oktoba 2021, nchi ilikuwa miongoni mwa za mwisho kabisa barani kuanza kuchanja. Kazi ilianza tarehe 18 Oktoba, na waliojitokeza walikuwa wachache mno. Hofu ilichangia, na uvumi pia. Lakini wakati huo mama wa soko alikuwa amekwisha kupitia mwaka mmoja na nusu akiwa hai, mipaka ya nchi kavu na ya ziwa ilikuwa imefungwa mnamo Januari 2021 na biashara yake na Uvira imekatika, na bei ya vitu imempanda kichwani. Kumwomba apoteze asubuhi nzima kituoni kwa ajili ya maradhi ambayo hakuyaona yakiingia nyumbani mwake kulitaka hoja nzito kuliko bango.

Kipindupindu kilitangazwa tena mwanzoni mwa Januari 2023, Bujumbura ikiwa mojawapo ya sehemu zilizopatwa, na safari hii pia maji yalikuwa ndiyo habari yote: bomba likikauka siku mbili, mtu huteremka mtoni au ziwani. Kisha tarehe 25 Julai 2024 ukathibitishwa ugonjwa wa mpox, ule uenezwao kwa ngozi kugusana na ngozi, na kabla ya mwaka kwisha Burundi ilikuwa ya pili barani baada ya Kongo kwa wingi wa wagonjwa waliothibitishwa. Bujumbura ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa, na watoto walikuwa wengi miongoni mwa wagonjwa. Ushauri wa safari hii ulikuwa: mtenge mgonjwa, asilale na wenzake, asitumie shuka wala taulo moja nao. Sasa msomaji na aingie katika chumba kimoja chenye kitanda kimoja, ambamo watoto wanne hulala mzungu wa nne chini ya blanketi moja, na ajaribu kukitekeleza. Mtoto mwenye vipele alale wapi? Juu ya meza?

Hata hivyo yapo mambo yanayowezekana, na akina mama wameyavumbua wengi wao bila ya kungoja mtaalamu. La kwanza ni kibuyu chirizi. Dumu dogo la lita tano hutobolewa tundu dogo karibu na mdomo, huning'inizwa kwa kamba juu ya miti miwili karibu na choo, na kamba nyingine hufungwa kwenye kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Ukikanyaga, dumu huinama na maji huchirizika kidogo kidogo. Ukiondoa mguu, hujirudi. Nusu lita iliyotosha mtu mmoja hutosha sasa watu watatu au wanne, na hakuna mkono mchafu ulioshika chombo. Mche wa sabuni hukatwa vipande, na kipande kimoja hutiwa katika wavu au soksi kuukuu na kutundikwa hapo hapo, ili kisiyeyuke chini wala kisichukuliwe na mtoto kwenda kuchezea. Maji yaliyonawiwa hukingwa beseni na kumwagiwa choo au mgomba.

Kwa mgonjwa wa nyumba ya chumba kimoja, majirani wa mitaa kadhaa wana desturi ya kupokea watoto wazima wa mwenzao kwa siku chache. Wao hawaiti jambo hilo kinga, huliita ujirani. Ni mkumbatio ule ule uliokatazwa, ila umegeuzwa kazi yake. Nyumbakumi aliye mwerevu huliratibu: nani atampokea mtoto, nani atachota maji ya nyumba ya mgonjwa, nani atakaa mezani pa mama sokoni ili mtaji usife. Meza ikiwa na mtu, mama hubaki na mgonjwa wake bila ya kuamriwa.

Jioni moja ya kawaida mjini Bujumbura, jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, binti hurudi kutoka bombani na dumu lake kichwani. Mama hulipokea, hulitua chini taratibu lisimwagike, kisha hufungua kifuniko na kuyagawa maji kwa jicho: sufuria ya maharagwe kwanza, ndoo ya kuoga ya mdogo, na yaliyobaki kwenye kibuyu chirizi kando ya choo. Huchungulia kimefika wapi. Kimefika nusu. Humtuma tena binti, kabla foleni haijaongezeka.